Nafasi Iliyoachwa Wazi: Maisha ya Mama Milimita

Katika ukurasa wa kwanza wa ratiba hii ya mazishi, kati ya neno "Alizaliwa" na mwaka 1953, mtaona nafasi wazi. Mchapaji hakukosea. Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Milimita, aliagiza iachwe hivyo, na sisi wanawe tumemtii.

Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Mama yake mzazi alifariki kabla kitoto hakijatimiza mwezi, nacho kikalelewa na bibi yake. Bibi huyo alikumbuka jambo moja tu kuhusu siku ile: mahindi yalikuwa yamefika magotini.

"Magoti ya nani, Bibi? Yako au ya Babu?" mtoto aliuliza, maana Babu alikuwa mrefu kama mlingoti.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mama alitusimulia kisa hicho mara nyingi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1968, kisha sekondari kwa miaka minne, na Novemba 1975 akapata cheti cha kilimo. Huko chuoni alifundishwa kwamba mahindi hufika magotini kwa wiki tano hivi, kutegemea mvua na rutuba. Jioni ile alichukua penseli akaitafuta siku yake ya kuzaliwa. Alipata wiki tatu zinazowezekana. "Wiki si siku," alituambia, "nikafunga daftari."

Jumatatu tarehe 1 Machi 1976 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa miti. Kazi yake ilikuwa kupima kasi ya ukuaji wa miche katika hali mbalimbali: iliyo juani na iliyo kivulini, iliyonyweshwa kila siku na iliyonyweshwa mara moja kwa wiki. Kila Jumatatu saa moja asubuhi alipita katikati ya viriba, vile vifuko vyeusi vya miche, akiwa na rula ya chuma. Alipima kuanzia kwenye udongo hadi kwenye ncha.

Mwaka 1983, jaribio lake kubwa likiwa na miezi kumi na minne, aliona kwamba udongo katika kiriba kimoja umeshuka kwa upana wa kidole. Maji huushindilia udongo, na udongo ukishuka, mche huonekana umerefuka hata kama umelala usingizi. Miche iliyonyweshwa sana ndiyo iliyokuwa imemdanganya zaidi. Alimfuata mkuu wa kituo.

"Sasa mama, nani atajua?" mkuu alimwuliza.

"Mimi nimeshajua, mzee."

"Miezi kumi na minne yote hiyo!"

"Ndiyo. Na tukinyamaza itakuwa miaka."

Alianza upya. Safari hii kila shina lilipakwa alama ndogo ya rangi nyeupe ya kuanzia kupima. Mwaka ule hakupandishwa cheo. Lakini hata leo, ukienda kituoni, utakuta miche ina alama nyeupe, na vijana wanaoipaka hawajui ilianzia wapi.

Tangu miaka ile ya mwanzo, aliyebeba miche kwenda mashambani alikuwa dereva wa kituo, aliyeendesha polepole mno. "Kaka, umebeba mayai?" Mama alimtania siku moja. Akajibiwa, "Nimebeba miche yako, dada. Ingekuwa yangu ningeshafika." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani tulipimwa asubuhi, kabla ya chai, kwa sababu jioni mtu huwa mfupi kidogo. Mjomba akija na kusema, "Ala, mtoto huyu amekua!" Mama alimwuliza, "Kwa kiasi gani?" Baba yetu alitutoka mwaka 2009, na tangu siku hiyo upande wa kitanda alikolala haukuwahi kuwekewa kitu.

Mama alistaafu tarehe 30 Juni 2013. Karani aliyemjazia fomu, alipofika penye siku ya kuzaliwa, alimshauri, "Andika Januari mosi, mama. Wote wanaandika hivyo." Akamjibu, "Mwanangu, kwetu Januari mahindi yako ghalani."

Nyuma ya jiko lake alipanda miche kumi na miwili ya mti mgumu unaokua taratibu, sita juani na sita kivulini, akaipima kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Agosti 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alipolazwa, rula na daftari alimkabidhi binti yake mkubwa, ndiye anayewasomea maneno haya.

Jumamosi moja binti huyo alichoka. Hakwenda nyuma ya jiko. Alichukua vipimo vya wiki iliyotangulia, kila mche akauongezea milimita mbili, akaenda hospitali kumsomea mgonjwa.

"Yote imeongezeka mbili?" Mama aliuliza. "Hata ya kivulini?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu, hata mapacha hawakui sawa."

Binti akashika kalamu ili afute. Mama akamzuia mkono. "Usifute. Piga mstari mmoja, mtu aone tulipokosea. Halafu acha nafasi wazi. Siku usiyopima, sema hukupima. Nafasi wazi haina aibu." Kisha akamwomba amsogezee mto, wala hakulitaja tena jambo hilo. Jumamosi zote zilizofuata miche ilipimwa, isipokuwa moja.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa tatu asubuhi, sote watatu tukiwa kando ya kitanda. Ndiyo saa ya kupima, na hakuna aliyepima. Jioni ndugu yetu wa kiume alisema, "Tupime kesho, tuandike ya leo. Tofauti itakuwa nini?" Alilishika daftari muda mrefu. Kisha akaandika tarehe tu, na mbele yake hakuandika kitu.

Ameacha kaka mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na miche kumi na miwili. Wa saba, wa kivulini, haujasogea tangu Oktoba, lakini uko hai. Sisi tuliozoea kuulizwa "kwa kiasi gani" tumejaribu kusema tunavyomkumbuka, na hatukupata pa kuanzia kupima.

Apumzike kwa amani mama yetu. Mahali pake tumepaacha wazi.