Mfalme Hayupo: Kwa Katibu Wetu Anayestaafu

Baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka ishirini na tisa, katibu muhtasi wetu, ambaye wote tunamwita Mama Funguo, anastaafu leo, tarehe 30 Novemba. Sisi wanafunzi tumeombwa kumwandikia ukurasa huu wa programu ya kumuaga, ingawa yeye mwenyewe angeuandika vizuri zaidi.

Aliajiriwa kupiga chapa barua. Mwaka wake wa pili aliandika mchezo wa kuigiza wa siku ya kufunga shule, ukapendwa, na tangu hapo ameandika mpya kila mwaka. Hata mama zetu waliigiza humo. Mmoja wao bado hukariri maneno yake ya mzimu akiosha vyombo.

Lakini kazi nyingine zilizidi kumwangukia. Kwanza simu, kisha kengele, kisha funguo za stoo, kisha kila mwenye homa au goti lililochubuka, kwa kuwa sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa karibu na meza yake. Hakukataa hata moja. Alipokea simu huku akimfunga mtoto bendeji na kumkaribisha mzazi mlangoni, nasi tukadhani huo ndio uhodari. Hatukuona kwamba michezo yake ilikuwa inafupika na utani wake unapungua.

Mwaka huu tuliona. Mchezo ulihusu mfalme aliyemfukuza binti yake, na sasa binti amerudi kuomba msamaha. Kwenye mazoezi, mfalme wetu alinyanyua mkono akasoma kwa sauti nzito: "Mwanangu, nimekusikia, mwalimu mkuu yuko kikaoni, piga tena saa nane."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Mama Funguo hakucheka. Aliichukua karatasi, akaitazama sana.

"Kichwa changu kimekuwa soko, wanangu," alisema. "Wote wanaongea, hakuna anayenunua. Mwisho wa mchezo huu sina."

Wageni walikwisha kualikwa. Mwalimu mkuu akasema mwisho usipopatikana kesho kabla ya mapumziko, kwaya itaimba badala ya mchezo. Tulijua maana yake: Mama Funguo angeondoka na mchezo wake wa mwisho mkononi.

"Basi kesho apewe kazi moja tu," akasema mwalimu wa hesabu.

Asubuhi mwalimu huyo alikaa kwenye simu, kiranja akashika kengele, mlinzi akabeba funguo. Mama Funguo akaketishwa maktaba peke yake, mlango ukarudishwa. Alitoka mara ya kwanza kwa sababu kengele ilichelewa, mara ya pili kwa sababu simu iliita mno.

"Rudi ndani, mama," mlinzi akamwambia. "Kwani shule ina miguu? Haiendi popote."

Tulipita dirishani tukijifanya tunakwenda kunawa mikono. Alikuwa anatazama ukuta, kalamu iko mezani. Kipindi kikapita, kingine kikapita, ukuta ni ule ule. Aliyeigiza binti alianza kujifunza wimbo wa kwaya, endapo mwisho ungekosekana.

Kengele ya mapumziko iligongwa na mlango haukufunguka. Kwaya ilikuwa inajipanga ukumbini alipoingia na karatasi moja, haina hata mstari uliofutwa. Mwalimu mkuu aliisoma, akaiambia kwaya ikae.

Siku ya kufunga shule, binti alipiga magoti. Matarishi waliingia wakigombania sikio la mfalme: huyu ana habari za vita, yule za mavuno, mwingine za wageni. Mfalme akawafungia wote mlango, akawaambia watumishi wake: "Waambieni mfalme hayupo. Yuko na mwanawe." Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mwalimu mkuu alikuwa amezima simu yake.

Asante, Mama Funguo. Funguo zako zimegawiwa watu wanne, na mbili zimeshapotea, lakini usirudi kuzitafuta. Tunakuombea siku ndefu, na meza yenye kitu kimoja tu juu yake. Simu ikiita nyumbani, wajukuu wajibu kwamba bibi hayupo, anaandika.