Wendell Kirkbride na Protini Iliyogoma Kufunguka

Haki ya Mungu tena, kila neno ninalosoma hapa ni kweli tupu, anayebisha anifuate mimi Merv, shemeji wa marehemu, fundi paa ambaye Queanbeyan nzima haijapata mwingine.

Marehemu Wendell Kirkbride alizaliwa Cootamundra tarehe 4 Agosti 1963, akasoma hapo hapo, akaingia chuo kikuu Canberra mwaka 1982 na hakutoka tena, maana kazi aliyoipata ni kuchezesha protini ndani ya kompyuta kubwa kuliko banda la kukatia kondoo manyoya, anazifunga atomi kwa springi za hesabu, zisizoshikika kwa mkono, ili zisirushwe ovyo, halafu anazilegeza kidogo kidogo, maana ukiziachia ghafla protini yote inasambaratika.

Alimuoa dada yangu Glenys, kule Yass, tarehe 12 Oktoba 1991, wakajaliwa binti mmoja, Tamsin, na adui mmoja, yaani protini ya figo yenye kijimlango, ambayo marehemu alizeeka akisubiri ifunguke yenyewe bila kushikwa. Mwaka 2016 ikafunguka, nikachoma soseji za kushibisha jeshi, mpaka Nerida, mwenzake wa kazini, akaja amenywea, akamwambia, "Mzee, haijafunguka, umeivuta mwenyewe, kuna springi umesahau kuitoa." Wendell akageuza soseji, akasema, "Haya kuleni, hizi angalau zimeiva kweli."

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2023, akalazwa Canberra, amefungwa mipira ya kupitishia hewa kila upande, na kilichomkera si kufa, ni kufa kabla ya ule mlango. Dokta alipokuja kupunguza hewa, marehemu akamwambia, "Usiing'oe, mama, ilegeze polepole, mimi kazi hii naijua." Akatutoka Jumanne, tarehe 16 Mei.

Alhamisi, kompyuta yake ikiwa bado inaichezesha ile protini, mlango ukafunguka. Nerida amekagua springi zote, hakuna hata moja iliyobaki. Siku mbili tu, jamani, protini gani hii yenye roho mbaya namna hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa keki za nazi zilizojaza friji tatu, na wenzake wa kazini, Nerida kwanza.

Lala salama, shemeji, umelegezwa taratibu kama ulivyotaka.

Na hili la mlango liishie hapa hapa kaburini, asilitoe mtu mpaka Nerida aichezeshe protini tena tuwe na hakika, soseji za bure tulishakula mara moja.