Pumzi Ndani ya Stoo ya Viazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naitwa Kawira, wa hapa Kibirichia. Wengi mnanijua kwa sababu ya mwili. Nasoma hii kutoka kwa daftari yangu, maana nikiongea bila karatasi naruka mambo. Sina subira, na huko kukosa subira karibu kuniue.

Mnakumbuka Tata Kanana, dada ya baba. Alikuwa mnene kama mimi. Siku moja baada ya chakula cha mchana alilala kwa kiti yake ndani ya stoo yetu ya viazi, na hakuamka. Tulimzika. Kiti ikabaki. Mimi ndio nilirithi kazi yake ya kuchagua mbegu, na nikaikalia.

Hiyo stoo ina giza hata saa saba mchana. Viazi vya mbegu vinaota ndani ya giza, chipukizi nyeupe kama vidole, zote zimeelekea mlango. Na mimi hapo katikati, usingizi unaniangusha na kiazi mkononi. Halafu naamka nimeshtuka, shingo ni kama mtu ameiachilia saa hiyo tu, na kwa sikio nasikia mwisho wa pumzi. Nzito! Naangalia huku na huku. Magunia. Hakuna mtu.

Sikuambia mtu. Mami ndiye alisema. Alikuwa nje anachambua sukuma wiki, akaingia na kisu mkononi.

"Kawira, uko na nani humu?"

"Niko peke yangu."

"Hapana, mwari, binti yangu. Nimesikia Kanana."

Ndugu zangu, pumzi ya Tata tuliijua sote. Inavuta kama msumeno, inanyamaza, unangoja, unangoja, halafu inarudi kwa kishindo. Majirani wakasema ni nkoma, roho ya marehemu, imekuja kumchukua mwenye amekalia kiti yake. Tukaomba. Tukakemea. Baba akachoma kiti. Nikalala juu ya magunia, na pumzi ikaja vile vile!

Nikajiambia, Kanana anafuata mwili unaofanana na wake. Wacha niupunguze. Mizani ya kawaida hainiwezi, kwa hivyo nilipanda ile ya viazi. Broka wetu wa kununua viazi, Mwiti, akapiga kelele soko yote isikie: "Mia moja ishirini na nane! Huyu ni gunia mbili na nusu! Nitoe kilo za mchanga?"

Kwetu gunia ni kilo hamsini, na broka hachukui nusu. Mimi mtoto wa viazi nikahesabu hivyo hivyo: nitoe gunia nzima, ama nisijisumbue. Hapo ndipo nilipotea. Wiki mbili nilikula chai ya rangi na karoti. Nikapanda mizani: kilo nne tu. Takataka! Nikashuka, nikaanguka mbele ya Mwiti. Hakucheka tena. Yeye ndiye alinibeba na pikapu hadi kliniki.

Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa inakaribia pabaya. Sista, mama mfupi asiye na haraka, akauliza vile ninalala. Mami akamwambia mambo ya Kanana yote. Hakucheka. Akasema, "Akilala tena, weka simu karibu naye urekodi. Uniletee."

Mami akarekodi, tukarudi kliniki, tukasikiliza watatu. Msumeno. Halafu kimya. Ndugu zangu, hiyo kimya! Nilijipata nimeshika pumzi yangu nikingoja, Mami amenifinya mkono. Halafu kishindo. Halafu sauti yangu, ndogo: "Mami?"

Ilikuwa mimi. Koo yangu ilikuwa inajifunga nikilala. Hakuna mwingine alikuwa ndani ya stoo. Na Tata Kanana, miaka hiyo yote tukicheka vile anakoroma, alikuwa anakosa hewa mbele yetu. Hiyo iliniogopesha kuliko nkoma.

Sista alinituma hospitali kubwa nipimwe usingizi. Nikamuuliza, gunia nzima itatoka lini? Akasema, "Gunia umeambiwa na nani? Toa kilo sita, saba, presha na sukari zianze kusikia. Ukifika kumi na tatu, hata pumzi inaweza kubadilika."

"Kumi na tatu si hata debe, sista!"

"Mwili si broka, Kawira. Unachukua hata nusu."

Basi nikaanza. Mukimo sahani moja, si tatu. Soda nikaacha. Sokoni naenda kwa miguu, watu wa boda wakiniita "mteja, umetuacha?" Kuna wiki kilo haikusonga. Nililia, Mungu, fanya haraka! Hakufanya haraka. Mwaka mzima, kilo kumi na tatu. Bado mimi ni mnene, si mnaniona! Lakini presha imeshuka, sukari imerudi sawa, magoti yanapanda kilima.

Mwezi uliopita nililala juu ya magunia, Mami amesimama mlangoni. Nikaamka nikamkuta analia.

"Amekuja?"

"Hakuna mtu. Nimesikia tu ukipumua."

Ndugu zangu, kama kwenu kuna mtu anakoroma, ananyamaza, halafu anashtuka, usikemee. Usichome kiti. Simama hapo usikilize, halafu mpeleke kwa daktari. Na wewe unayengoja gunia nzima ndio umshukuru Mungu, mshukuru kwa kilo moja. Mwamini hata kwa hiyo moja. Tata Kanana alikosa mtu wa kumsikiliza. Mimi nilimpata. Namshukuru Mungu kwa hii pumzi ninayovuta sasa hivi mbele yenu. Haina kelele. Nyamazeni kidogo, muisikie.