Kura Sitini na Tano za Vumbi

Mvua ikinyesha Mei, wanaume wa kijiji chetu cha Vlasta hawana pa kwenda ila kwangu. Shamba limelowa, mashine ya kupandia mahindi imesimama, na nyumbani wake zao hawawataki kabla ya saa sita. Basi wanakuja hapa ofisini kwenye ghala la nafaka, wanatundua vikombe vyao kwenye misumari, wanakaa kwenye benchi refu tulilopewa na Walutheri walipofunga kanisa lao, na wanaanza kuitengeneza dunia. Mimi kazi yangu ni kupima malori, ndiyo maana wananiita Mizani. Kahawa nachemsha kwa hiari, na kwa miaka ishirini na sita sasa sijasikia mtu akiniambia ahsante yenye maana. Alhamisi ile, siku mbili baada ya kura ya mchujo, walifika mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyeonekana kuwa alilala vizuri.

Matokeo yalikuwa yamebandikwa mlangoni kwangu. Kwetu mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Chama ni kimoja, ukishinda Mei umeshinda, Novemba watu wanakwenda kutia muhuri tu. Kamishna wa wadi ya tatu, Wendell Stroh, alikuwa peke yake kwenye karatasi, kama miaka yote. Lakini safari hii watu walikuwa wameandika jina la mwenzetu kwa mkono, kwenye ule mstari mtupu wa chini ambao huwa hakuna anayeuangalia.

Redio ndiye aliyesoma. Anaitwa Redio kwa sababu hazimiki.

— Stroh, hamsini na nane. Vumbi, thelathini na moja. Vumbi Hruska, kumi na tisa. Hruska wa Greda, tisa. Halafu hapa wameandika "Yule Mwenye Greda", sita. Jamani, wamemgawa mtu mmoja kama nguruwe wa sherehe.

— Jumla? akauliza Maili.

— Sitini na tano.

— Basi tumeshinda.

— Tumeshinda nini? Kila jina lina foleni yake. Wa kwanza ni Stroh.

Jina halisi la Maili ni Delmar, na zamani hatukuwa na jina lingine la kumpa. Tulianza kumwita Maili miaka miwili iliyopita, Stroh alipofunga daraja la kijito cha Otter. Nyumba ya Delmar iko ng'ambo ya kijito, na mkewe, Ione, anakwenda mjini mara tatu kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa daraja ilikuwa maili kumi na moja. Kwa kuzunguka ni thelathini na nne, na nyingi ni changarawe. Stroh si mtu mbaya, namjua tangu shule. Alisema kaunti ina madaraja mengi kuliko watu, na lile linavusha nyumba moja tu. Alichosema ni kweli, na ndiyo maana iliuma.

Vumbi alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na dirisha, kofia magotini. Aliendesha greda la kaunti miaka thelathini na moja. Hakuna barabara ya wadi hii ambayo hakuilaza kwa mkono wake, na alikuwa akituambia daima kwamba lile daraja lingetengenezeka kwa mbao na wiki tatu za kazi. Redio ndiye aliyetoa wazo la kumwandika. Vumbi hakuwepo siku hiyo. Alipokuja kusikia alisema maneno manne tu: "Msinitie kwenye makaratasi yenu." Tukadhani ni unyenyekevu. Ni mtu wa hivyo, hata siku ya kura humwoni kituoni, anapiga kwa posta, anasema foleni inamchosha. Foleni ya Vlasta ni watu wawili.

— Mimi nawaambia, akasema Redio, ni ile mashine ya kuhesabia. Imeletwa kutoka mjini. Mashine ya mjini haijui majina ya utani, ikiona "Vumbi" inadhani karatasi ni chafu.

— Acha kutupiga kamba, akasema Hakimu. Kura za kuandikwa kwa mkono zinahesabiwa na watu, mezani. Ni sheria.

Hakimu si hakimu. Miaka kumi na tisa iliyopita aliitwa mahakamani awe mmoja wa watu kumi na wawili wa kuamua kesi ya ndama aliyeibwa, na hajapona.

— Sheria gani?

— Sheria ya jina. Jina moja si mtu. Majina mawili ni mtu. Ndiyo maana mimi watu wangu wote niliwaambia waandike Vumbi Hruska. Kumi na tisa, hao ni wangu. Wewe watu wako uliwaambia nini?

— Niliwaambia Vumbi. Nani hamjui Vumbi?

— Umeona sasa. Umechemka mwenyewe halafu unaisingizia mashine.

Redio hakukubali. Akaja na la penseli. Alisema penseli za kituoni zilikuwa fupi makusudi, fupi kama kidole gumba, ili mtu achoke akifika nusu ya jina. Hakimu akasema kama ni hivyo basi na vibanda navyo vilipunguzwa urefu, maana yeye aliandika ameinama mpaka mgongo ukalia. Redio akasema hilo hakulifikiria lakini linawezekana kabisa, kuna watu wanalipwa kukaa na kufikiria namna ya kuwachosha watu wa mashambani. Wakaendelea hivyo kwa muda, bila hata raha. Zamani wangekuwa wamesimama wanaoneshana vidole. Siku hiyo walikuwa wanasukuma maneno kama watu wanaosukuma gari lililozimika, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza mbele ya Delmar.

— Na hawa tisa, Hruska wa Greda? akauliza Hakimu.

— Hao ni wa kwangu, akasema Delmar. Wanawake wa kanisani kwa Ione. Niliwaandikia kwenye kikaratasi.

— Na sita wa "Yule Mwenye Greda"? Huyo mjinga ni nani?

Nikageuka nikaanza kupanga karatasi za mizani ambazo zilikuwa zimepangwa. Nilipofika kibandani sikuwa na hakika Hruska linaandikwaje, na Vumbi halimi, sijawahi kumpimia hata gunia. Nikaandika nilichokijua. Wale wengine watano sijui ni akina nani, ila nawapenda.

Ndipo mlango ukafunguka akaingia binti mwenye koti la mvua na bahasha kifuani. Alijitambulisha kwa adabu kuwa ni Jolene Tackett kutoka ofisi ya karani wa kaunti. Ameanza Machi, karani wa zamani alipostaafu, na kwao si huku. Nikampa kikombe cha wageni.

— Shikamooni wazee. Samahani kwa kuwakatiza. Namtafuta Carol Hruska.

Wakatazamana.

— Nani? akasema Redio.

— Bi. Carol Hruska. Nimepita nyumbani kwake hakuna mtu. Jirani akasema nijaribu hapa.

— Binti, mimi namjua kila mtu wa kaunti hii, pamoja na waliokwisha kuzikwa. Hakuna Carol Hruska.

— Kwenye daftari la wapiga kura yupo.

— Labda marehemu mke wa Vumbi, akasema Hakimu.

— Mke wa Vumbi alikuwa Arlene, nikasema mimi. Nilimpikia keki ya harusi.

Redio akashika kifua. Akasema mambo ndiyo hayo, sasa yamejitokeza: Stroh ametia mwanamke wa kubuni kwenye daftari, bibi asiyekuwepo, anapiga kura kila mwaka kwa posta, na nani ajuaye kama bibi wa namna hiyo ni mmoja au ni mia mbili. Alisema hata makaburi ya Vlasta yachunguzwe. Jolene alisubiri amalize. Ana subira, nilimpenda kwa hilo.

Akaeleza taratibu. Bodi ya kuhakiki kura inakaa leo saa kumi na moja jioni. Wanaona wazi kwamba majina manne yanaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini bodi haiwezi kudhani. Lazima mtu mwenyewe atie sahihi kwamba majina yote manne ni yake, na kwamba akipewa ukamishna ataupokea. Akitia sahihi, kura zinajumlishwa. Asipotia, Stroh amepita.

— Sasa shida yetu ni hii, akasema. Kwenye daftari, Vlasta nzima ina Hruska mmoja tu. Anaitwa Carol. Kwa hiyo nauliza tu. Carol ni nani?

Watu ambao wanajua trekta ya nani imepakwa rangi mara ngapi, na nani alimkimbia nani mwaka wa mafuriko, walikaa wakitazama vikombe vyao.

Hakimu ndiye aliyelifikia kwanza, na sauti yake ilishuka.

— Kama Hruska aliye kwenye daftari ni mmoja na anaitwa Carol, basi Vumbi hayumo. Hujajiandikisha, Vumbi? Na ile kura ya posta? Tumemwandika mtu ambaye hayumo?

Vumbi alikuwa anatazama nje, mvua ikiteremka kwenye kioo. Delmar akainuka, akatundika kikombe chake msumarini, akachukua koti. Hakulaumu mtu. Afadhali angetutukana.

— Delmar, akasema Vumbi. Kesho mnaondoka saa ngapi?

— Saa kumi na robo.

— Alfajiri.

— Alfajiri. Mashine yake inaanza saa kumi na moja na nusu.

— Na daraja lingekuwepo mngeondoka saa ngapi?

Delmar alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti. Akasimama hivyo hivyo, mkono wa pili ukining'inia.

— Kwenda si neno, akasema. Kwenda tunaongea. Kurudi ndiko kugumu. Akitoka kwenye mashine hana kitu ndani, kama nguo iliyokamuliwa. Zile changarawe za kaskazini kila shimo linampata. Nasimama mara tatu, mara nne, atapike. Juzi ameniambia nisimpeleke tena.

Hatukuwa tumelijua hilo. Tulikuwa tunajua maili tu. Miaka miwili tumemwita mtu kwa shida yake tukidhani ni mzaha mzuri, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza safari ya kurudi inakuwaje. Niliona haya, na bado naona.

Vumbi akaweka kofia kwenye benchi, akasimama, akamwendea yule binti.

— Carol ni mimi, akasema. Lete karatasi.

Benchi zima likamgeukia.

— Mama alisema Karel, akaendelea, naye hakumwambia mtu fulani, alikuwa anaiambia ile karatasi iliyokuwa mkononi mwa Jolene. Kwao ni jina la mwanamume. Karani wa huko nilikozaliwa hakujua Kicheki, akaandika alichosikia, Carol, jina la kike. Baba hakujua kusoma Kiingereza, akatia sahihi. Niligundua siku ya kwanza ya shule, mwalimu aliponiita nikakae na wasichana.

Akasema ndiyo maana alipohamia huku kijana, na mtu wa kwanza akamwita Vumbi, alilishika hilo jina kwa mikono miwili. Karani wetu wa zamani alijua, kwa sababu ya hundi za mshahara, naye alilifunga mdomoni miaka yote. Ndiyo maana ya posta pia. Kituoni wanakusomea jina lako kwa sauti.

Jolene alikuwa ametoa kalamu lakini hakumpa.

— Mzee, lazima nikuambie. Karatasi ya Novemba inachapishwa kama daftari lilivyo. Muda wa kuomba jina la utani umekwisha. Litaandikwa Carol Hruska, kaunti nzima.

— Najua linavyoandikwa.

Redio akafungua mdomo. Namjua Redio, nilijua ana mzaha pale, tena mzuri, wa kukaa miaka kumi. Delmar akamtazama. Redio akaufunga mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ukabaki umefungwa.

Vumbi aliinama kwenye meza yangu ya mizani akaandika polepole, herufi moja moja, na akaandika jina lote. Mkono wake ulikuwa mzito. Ana miaka sabini na tatu, goti moja bovu, na tulikuwa tumemtwisha miaka minne ya mikutano ya kila Jumatatu bila kumuuliza kama anaitaka. Alipomaliza alimrudishia binti kalamu, akaja na kikombe chake kwenye birika. Akalitikisa. Lilikuwa tupu. Akakitundika kikombe msumarini.

— Daraja ni wiki tatu, akasema. Mbao, na mtu wa kushika taa ya kuzuia magari. Lakini ni mpaka Januari nikiapishwa, Delmar. Januari ardhi ni barafu. Itakuwa Aprili.

— Aprili, akasema Delmar.

— Ione ataweza kungoja?

Delmar akavaa mkono wa pili wa koti, akafunga vifungo vyote, akavaa kofia. Akafika mlangoni, akageuka.

— Ahsante, Carol.

Hakuna aliyecheka. Vumbi akasema haya, akamwambia aangalie barabara ya kaskazini, imekatika karibu na kalvati. Mimi nikachukua birika nikaenda kuchemsha nyingine.