Hedseti Iliyomkaa Kapteni Mbuke

Kapteni Mbuke Nkwabi, Mama Limi kwa sisi wa karakana na stoo, anastaafu tarehe 31 Julai 2025 baada ya miaka ishirini na sita ya kurusha ndege zetu ndogo kati ya Mwanza, Kahama na migodi ya Geita. Ametua kwenye changarawe, kwenye tope na kwenye vumbi la Septemba, na hakuna abiria aliyewahi kushuka kwake na mchubuko.

Ni mzaliwa wa Mhunze, Kishapu, binti wa mkulima wa pamba. Ana umbo dogo, na abiria wageni walizoea kumdhania mhudumu. Mhandisi mmoja wa mgodi alimwagiza maji ya kunywa, kisha akauliza rubani amechelewa wapi. Mama Limi akamletea maji, akamtakia safari njema, akaenda kuketi mbele na kuwasha injini. Yule bwana alifika Geita na chupa haijafunguliwa.

Kilichokaribia kumshusha angani ni hedseti, kile kifaa cha masikioni cha kusikilizia redio. Mwishoni mwa 2011 ile ya zamani ilikufa, na stoo ikampima kichwa ili imwagizie nyingine. Siku hiyo alikuwa amesuka rasta nene kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, na utepe wa kupimia ukapita juu ya rasta zote. Hedseti ilipofika Februari, alikuwa ametoka kumzika baba yake na amenyoa kipara, kama ilivyo desturi ya kwao. Ilikuwa nzito, na hata bendi yake ya kichwani ilipofungwa hadi mwisho ilimpwaya. Akaijaza pamba ya shambani kwa marehemu, akaruka nayo hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa mtihani wake wa kila mwaka. Akikaribia kutua, mkaguzi akiwa pembeni yake, aliinamisha kichwa kutazama ramani na hedseti ikamteleza hadi shingoni. Wakati huohuo mlinzi wa kiwanja alikuwa akipaza sauti redioni kwamba ng'ombe wanavuka. Aliwaona kwa macho yake, akainua ndege, akazunguka, akatua salama. Hata hivyo mkaguzi alisema wazi kwamba rubani asiyesikia redio haruki. Akampa wiki mbili. Asipopata hedseti ya kumkaa, atahamishiwa dawati la tiketi.

Mama Limi akaazima hedseti tano za wenzake. Kila moja aliivaa saa nzima pale stoo, ameinamia ungo wa mchele wa Kahama akichambua mawe. Iliyoteleza ilirudi kwa mwenyewe. Iliyombana hadi kipaji cha uso kikauma nayo ilirudi. Ya Kapteni Doto ilisikika vizuri mno, lakini uzito wake ulimchosha shingo. Ya tano ilikuwa nyepesi, bendi yake inafunga hadi kutosha kichwa cha mtoto, na mito yake laini iliziba masikio bila kuacha mwanya penye miguu ya miwani yake ya kusomea. Alisahau kwamba ameivaa, akainuka kwenda kula, waya ukamvuta nyuma. Tukamwagizia ya aina hiyo, akarudia mtihani na kufaulu. Mchele tuliula wote. Tangu hapo kila rubani mpya huchagua hedseti kwa ungo, hata mwenye kichwa kikubwa.

Limebaki jambo moja ambalo halijawahi kusemwa. Aliyepima juu ya rasta ni mimi, na nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Ofisi ilipomtaka maelezo, aliandika kwamba kosa ni lake, hakukikagua kifaa kabla ya kuruka. Jina langu hakuliandika. Niliyaona maelezo hayo mwaka jana tu, tukihamisha mafaili. Nilipomwendea kwa aibu, alicheka, akasema wakati ule mke wangu alikuwa na siku tisa tangu ajifungue.

Mama Limi, asante, na maneno haya hayatoshi. Nenda Mhunze ukiwa na afya na furaha, uamke saa unayotaka mwenyewe. Mtoto yule ni Mwanaidi, yuko kidato cha kwanza. Leo amekaa mstari wa mbele, anasubiri kukupa shikamoo.

Feisal Akida, Stoo