Sakafu ya Mama Tshibola

Mama Tshibola Adèle alizaliwa Kolwezi, mtaa wa Manika, tarehe 14 Machi 1979, binti wa kwanza wa Tata Kanku Baudouin, mfanyakazi wa mgodi, na Mama Beya Jocelyne.

Alianza shule Kolwezi. Mwaka 1993 familia ilifukuzwa, ikaondoka kwa treni kwenda Kasai, pamoja na jamaa nyingine zenye asili ya huko. Mdogo wake Blanchard alifia njiani. Yeye alimaliza sekondari Mbuji-Mayi, kisha akasoma uhandisi wa ujenzi Lubumbashi na kuhitimu mwaka 2004, akarudi Kolwezi.

Tarehe 5 Agosti 2006 alifunga ndoa na Tata Mukuna Zéphirin, mwalimu. Walijaliwa Falonne na Glodi.

Kazi yake ilikuwa sakafu za zege zinazokazwa kwa nyaya za chuma. Mgeni akiuliza, alipanga vipande vya sabuni mstari mmoja, akavibana kwa viganja, akaviinua vyote pamoja. Kisha alibana upande wa juu tu, sabuni zikaanguka. "Nguvu ni ile ile," alisema. "Ni fasi ndiyo ilibadilika." Watoto waliokota sabuni.

Julai 2021 kanisa letu lilijenga ukumbi huu wa ghorofa. Alichora nyaya zipande juu ya kila nguzo na kushuka katikati, ili zikikazwa zisukume sakafu juu pale inapotaka kuinama. Asubuhi ya kumwaga zege, likiwa limekwisha kuchanganywa, na akina mama wakiwa wamekwisha kusonga bukari, ugali wa mafundi, alikuta nyaya zote zimelala chini, zimenyooka. Mkuu wa mafundi, Tata Ruffin, aliyewahi kuchimba katika mgodi wa Mutoshi, alieleza: "Tuliona inapandapanda, Mama. Tukasema balikosea. Tukainyoosha, ikuwe muzuri."

"Tata Ruffin, munataka kuanika manguo?"

Hakuna aliyecheka. Mama Tshibola alisimamisha kazi. Mzee Kabemba wa kanisa alimwambia, "Mama, béton inakauka. Kanisa yote iko inakuangalia."

"Muitupe. Hapa juu batoto batacheza. Mukiacha hivi, itapasuka ku nguzo."

Zege la siku ile lilitupwa. Nyaya zilipandishwa upya. Wengine hawakumsalimu mpaka Noeli.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2023. Alitibiwa Kolwezi na Lubumbashi. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, kabla ya mchana. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jana tuliuliza jeneza liwekwe wapi. Tata Ruffin alitembea mpaka katikati ya ukumbi, mbali na nguzo zote. "Mumuweke hapa," alisema. "Alituambiaka, hapa ndiyo nyaya inasukuma juu."

Ameacha mama yake mzazi, mume, watoto wawili, na sisi wote tuliosimama hapa juu. Sakafu imetulia. Naye atulie.