Kumuaga Kerrin na Ukurasa wa Mto

Mheshimiwa Meya Rhonda Pickering, waheshimiwa madiwani, Mchungaji Aldous, wenzangu wa kikosi cha uokoaji, ndugu zetu mliotoka mashamba ya bondeni kwa barabara ile mnayoijua wenyewe, na wewe dada Kerrin Tolhurst, uliyekwenda kukaa kiti cha nyuma ilhali cha mbele kimebandikwa jina lako: habari za mchana.

Mimi Col Dwyer nimeombwa niseme maneno ya furaha, kwa kuwa mkutubi wetu anastaafu. Nimeyatafuta wiki nzima. Mtanisamehe, sikuyapata.

Kwa ninyi mliohamia Wirrabee karibuni, nieleze tunachokizika leo. Kila mji ulioko kando ya mto wetu ulikuwa na tovuti yake, na kila tovuti ilikuwa na mlisho, yaani orodha fupi ya habari zake mpya, kila habari na kichwa chake na saa yake, iliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta nyingine inaweza kuisoma. Kerrin alitengeneza programu iliyoshinda mchana na usiku ikiisoma milisho hiyo, ikazipanga habari, mpya juu na za zamani chini, ikazionyesha zote mahali pamoja. Huo ndio Ukurasa wa Mto. Kina cha maji, daraja lililofungwa, mnada wa kondoo, msiba wa Mollan, mji unaotutangulia kupata maji ya mto: nani kati yetu hakuufungua kabla chai haijachemka?

Na mlisho ulipoacha kujibu, Kerrin hakuuficha. Kisanduku cha mji huo pale ukurasani kiligeuka kijivu, na ndani yakaja maneno: "Mollan haijasikika tangu jana asubuhi."

Jambo hilo liliwakera wakubwa wa baraza. Wakamfuata maktaba, nami nilikuwepo nikirekebisha redio ya kikosi. Mmoja wao akaanza:

"Kerrin, hivi visanduku vinatutia aibu. Mgeni akifungua atadhani mji umekufa."

"Mji haujafa. Ni mlisho tu umenyamaza."

"Basi acha habari ya mwisho iliyokuja ibaki pale, hayo maneno yako toa."

"Na saa yake nitoe?"

"Toa. Saa nani anasoma?"

Baraza likapiga kura. Mheshimiwa Meya, wakati huo ulikuwa diwani mgeni, na mkono wako peke yake ndio uliopinga. Nakupongeza mbele ya watu wote, na wale ambao mikono yao ilielekea kwingine wamo humu ndani, siwataji. Kompyuta iliyoendesha ukurasa ilikuwa ya baraza. Kerrin akatii.

Majira ya mvua yaliyofuata, Mollan walibadilisha tovuti yao bila kumwambia mtu. Mlisho wa zamani ukakatika. Kwenye ukurasa wetu ikabaki habari ya mwisho, bila saa, safi kama iliyoandikwa sasa hivi: "Mto umetulia, daraja liko wazi." Kerrin alikuwa mbali, jijini Adelaide, bintiye kajifungua. Mvua ikashuka milimani.

Nilimpigia simu kaka yake Kerrin, Lindsay, kule shambani kwake bondeni.

"Lindsay, ondoka huko. Rangi ya maji siipendi."

"Wewe Col, tangu tuko shule hujawahi kupenda kitu."

"Sitanii, bwana."

"Nimeangalia ukurasa sasa hivi. Mollan shwari. Sasa unataka nimwamini nani, wewe au dada yangu?" Akacheka. "Kondoo nitawapandisha kesho, nikishakula."

Mto haukumsubiri ale. Pikapu yake tuliikuta imekwama kwenye miti, na yeye tukamkuta chini zaidi, karibu na ua wa jirani. Mimi ndiye niliyempigia Kerrin. Hakulia kwenye simu. Aliuliza tu, "Ukurasa ulikuwa unasema nini?" Nikamwambia.

Baada ya maziko aliingia maktaba na nguo zake za msiba, akarudisha visanduku vya kijivu na saa zake zote. Hakuomba kura. Wala hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Ndugu zangu, mngetegemea baada ya msiba ule milisho ingelindwa kama visima. Ililindwa? Gazeti letu likafungwa, mlisho wake ukaenda nalo. Shule ikahamishia matangazo yake kule ambako huwezi kusoma mpaka ujiandikishe. Mollan hawakuurudisha kamwe. Kerrin akawaandikia mmoja mmoja, wakamjibu kwa adabu kwamba siku hizi milisho haisomwi na mtu. Ukurasa ukaendelea kuwa kijivu, kisanduku baada ya kisanduku, hadi kikabaki kipimo cha mvua peke yake. Mheshimiwa Meya, najua ni wewe pia uliyelazimika kutia saini kompyuta ile iondolewe. Najua hukulala vizuri. Sisi sote tuliuacha ufe, kila mmoja kwa simu yake mfukoni.

Jana mchana Kerrin aliniita nikae naye akiuzima. Alibonyeza, kioo kikawa cheupe, basi. Akasuuza vikombe. Nikamwuliza, "Sasa ukihamia Adelaide kwa bintiyo utakuwa unasoma nini?"

Akasema, "Sitaki kusoma chochote, Col. Nataka mvua inyeshe nami niwe nimelala."

Dada Kerrin, kwa niaba ya bonde zima, pamoja na wale tuliokosa haki ya kukushukuru, tunakushukuru. Keki za Bi. Glenys ziko mezani, chukueni. Nami nawashukuru ninyi nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho. Asanteni.